Mtoto wa Tanga na Habari: Nani Alikuwa Anamsomea Nani?

Bumu halijatoka, mvua haijakata, na maktaba imejaa watu wanaosubiri bumu. Basi nimepata nafasi ya kuandika jambo linalonizunguka kichwani tangu semina ya Jumanne.

Siku ile mwenzetu mmoja alisema, kwa kujiamini kabisa, kwamba watoto wa zamani walilindwa. Habari za vita, maiti na siasa zilikuwa za wakubwa, mtoto alikuwa anacheza tu, na simu ndo zimekuja kuharibu kila kitu. Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Muda ulikuwa umekwisha, mhadhiri ameshafunga begi lake, kwa hiyo sikupata nafasi ya kunyoosha mkono. Lakini mimi ni mtoto wa Ngamiani, na historia ya kwetu haisemi hivyo hata kidogo. Kwetu mwambao wa Tanga mtoto hajawahi kufichwa habari. Kwa zaidi ya miaka mia moja yeye ndiye aliyekuwa anaibeba. Kilichobadilika ni kitu kingine, na nitakifikia, msiwe na haraka.

Tuanzie Pangani. Mwaka 1888 mwambao ulisimama dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa palepale Pangani. Habari zile zilihifadhiwa na nani? Mmojawapo ni Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pande zetu, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Sasa fikiria utenzi unavyofanya kazi. Hautungwi ili mtu ausome kimyakimya chumbani. Unaghaniwa mbele za watu, na penye baraza watoto hawakosekani, wamekaa mkekani au wamejibanza nyuma ya mlango. Mizinga, vifo, kushindwa, vyote wanavisikia. Lakini wanavisikia kwa mizani na vina, na pembeni yao yupo mtu mzima anayesikia pamoja nao.

Halafu yakaja magazeti, na hapa ndipo watu wengi hawajui. Miaka ya 1890 wamisionari wa Magila, kule Muheza, walikuwa wanachapa Habari za Mwezi. Na pale mjini Tanga ilikuwepo shule ya serikali ya Wajerumani, iliyoanza mwanzoni mwa miaka hiyohiyo. Shule ile ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na kuanzia miaka ya 1904 na 1905 mpaka vita ya kwanza ya dunia ikawa inatoa gazeti la Kiswahili la kila mwezi, Kiongozi. Waliokuwa wanapanga herufi za risasi moja moja na kuchapa kurasa zile walikuwa wanafunzi wa shule. Yaani vijana wa umri wa mdogo wako ndio waliokuwa wanaliunda gazeti lililosambaa koloni zima!

Hebu tulia hapo kidogo. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 na kumalizika 1907. Kiongozi lilikuwa gazeti la serikali, kwa hiyo dunia ilitazamwa kutokea upande wa mwenye bunduki. Kijana wa Kitanga aliyeshika herufi mkononi ilibidi aisome habari kinyumenyume, maana herufi za mtambo hukaa kinyume, kabla mtu mwingine yeyote hajaisoma. Huyo ndiye mtoto ambaye mwenzetu anasema alifichwa?

Kuna jambo lingine la muhimu kuliko hilo. Wazee wa mwambao hawakuwa wajinga wa kusoma. Wengi walisoma Kurani na waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini shule ya Mjerumani, na baadaye ya Mwingereza, ilitumia herufi za Kirumi, na magazeti pia. Ghafla mzee mwenye elimu yake akawa hawezi kusoma karatasi iliyoletwa mjini, na mjukuu wa miaka kumi na mbili anaweza. Mtoto akawa macho ya mzee.

Nisimalize zama za Mjerumani bila vita ya Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakashuka upande wa Raskazone. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, askari kama 1,000 hivi, likawashinda, na tarehe 5 Novemba wakarudi melini. Katikati ya mapigano nyuki walichokozwa mizingani, wakashambulia watu. Sasa mchukue mtoto yeyote wa Tanga, hata wa leo, muulize habari za vita ile. Idadi ya askari hajui. Majina ya majemadari hajui. Lakini nyuki! Nyuki atakusimulia mpaka ucheke.

Zamani nilikuwa naona huo ni utoto tu. Siku hizi naona kuna akili ndani yake. Mji wao uligeuka uwanja wa vita, watu walikufa kwenye minazi na mitaani. Mtoto hawezi kubeba yote hayo. Anachagua kipande anachoweza kukibeba, anakishika kwa nguvu, na anakipitisha kwa mwenzake. Kipande cha Tanga kilikuwa nyuki, na kwa miaka zaidi ya mia moja hakijaanguka chini.

Tuje kwa Mwingereza. Januari 1923 Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililouzwa senti kumi. Ndimo Shaaban Robert wetu, mzaliwa wa Vibambani, alikochapisha mashairi alipokuwa karani kijana wa forodha. Babu mzaa bibi yangu alikuwa mwanafunzi miaka ile, na hadithi yake imebaki nyumbani kwetu. Nakala ikifika mtaani, anaitwa. Anakaa kwenye ngazi ya baraza, mjomba wake yuko kwenye kiti cha uvivu, kahawa inapitishwa, na kijana anasoma kwa sauti. Bei ya katani, habari za Ulaya, nani kafa, nani kapandishwa cheo.

Lakini mjomba hakuwa anasikiliza tu. Kila habari ilikatizwa. "Ngoja hapo. Nani kasema?" Kijana anarudi juu kutafuta jina. "Huyo kaona kwa macho yake au kaambiwa?" Kijana anatafuta tena. "Haya, endelea." Mzee yule alisoma chuoni, na pale chuoni ukitaja riwaya lazima useme umeipokea kwa nani, naye kaipokea kwa nani. Herufi za gazeti hazijui, lakini kupima maneno anajua. Kijana herufi anazijua, kupima bado. Gazeti moja, wasomaji wawili, kila mmoja na nusu yake. Nashika hapo, maana hoja yangu yote imekaa kwenye ngazi ile ya baraza.

Redio ilipokuja ilitishia kuivunja ngazi hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na redio haihitaji msomaji. Mzee anajisikilizia mwenyewe, na mtoto naye anasikia hata akiwa anafua.

Januari 1964 bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hapo Ngamiani. Tarehe 12 kukatokea Mapinduzi Zanzibar. Shangazi yake alikuwa ameolewa Wete, Pemba. Ninyi mliokulia bara pengine hamjui, lakini kwetu Pemba si ng'ambo. Ni majahazi, ni harusi, ni karafuu, ni nusu ya ukoo. Na redio ya Zanzibar ikawa inarusha sauti ya John Okello, aliyejiita Fildi Masho, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mbali, anatoa amri na vitisho vya kuua na kuchoma moto. Vitisho vile vimeandikwa katika vitabu vya historia. Bibi havihitaji vitabu, anavyo masikioni.

Nilimuuliza mwaka jana tukiwa jikoni.

"Bibi, baba yako hakuwafukuza mlipokuwa mnasikiliza?"

"Atufukuze twende wapi, mume wangu? Redio ya jirani mtaa mzima unaisikia. Alituita. Watoto wote kaeni hapa. Akatwambia, haya maneno mmeyasikia, na mimi nimeyasikia. Huyu mtu simjui. Shangazi yenu hatujui yu hali gani. Tutajua jahazi likija."

"Mkaacha kuogopa?"

"Weee! Tuliogopa sana. Lakini tuliogopa pamoja."

Siku zikapita, akaja mtu aliyetoka kule, akasema fulani mzima, fulani hajulikani alipo. Si habari zote zilikuwa njema. Ila angalia baba yake alichofanya. Hakuzima redio na hakusema "hamna kitu, nendeni mkalale". Aliwagawia watoto mafungu mawili: tunachokijua na tusichokijua. Na akawaambia tusichokijua kitajulikanaje.

Mama yangu naye ana yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Mama alikuwa shule ya msingi. Shuleni kwao mwanafunzi mmoja alipewa zamu ya kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania saa mbili usiku, ngoma ikilia tu anashika penseli. Asubuhi anasimama mstarini na kuwasomea wenzake. Mama anasema siku ya zamu yake hata chakula hakikupita kooni, si kwa hofu ya Amin, kwa hofu ya kukosea jina la mji wa Uganda mbele ya mwalimu mkuu! Aliyekuwa na kazi ya kufanya na habari hakubaki na nafasi kubwa ya kuiota usiku.

Nisiwadanganye kwamba zama zile zilikuwa pepo. Redio ilikuwa moja, ya serikali. Ilichotaka ujue ulijua, isichotaka hukujua. Mtoto aliyeuliza swali la pembeni alinyamazishwa haraka. Kukaa na mkubwa kunasaidia ikiwa huyo mkubwa anaruhusu kuulizwa, la sivyo ni kufundishwa woga kwa utaratibu. Hilo wapenzi wa "zamani ilikuwa nzuri" hawalisemi.

Kuna wakati redio ilifanya kazi ambayo wazazi hawakuiweza. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliokuwa na dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake njia nzima mpaka ukimwi ukamkuta. Mzazi wa Kitanga wa wakati ule kumtajia binti yake ukimwi alikuwa anaona haya. Lakini angeweza kumsema Mkwaju mbele ya familia nzima: "Mwone yule, kamponza nani?" Binti ameelewa, hakuna aliyeaibika. Kufundishana kwa kumsema mtu wa tatu ni fani yetu ya siku nyingi, muulize yeyote anayejua taarab na khanga. Mwaka uliofuata, 1994, runinga zikaanza Tanzania Bara, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza. Habari sasa ikawa na picha. Sauti unaweza kubishana nayo, picha inaingia bila hodi.

Haya, nije kwenye zamu yangu. Katikati ya Februari 2015 kulitokea mapambano ya silaha kati ya vyombo vya usalama na watu wenye bunduki upande wa mapango ya Amboni, kilometa chache tu kutoka mjini. Mwanajeshi mmoja alifariki, wengine wakajeruhiwa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nyumbani kwetu simu kubwa ilikuwa moja, ya kaka binamu, na kabla redio haijasema lolote simu ile ilikuwa imeshasema mengi. Al-Shabaab wameingia Tanga. Wako mia. Wanakwenda shule kwa shule. Kulikuwa na picha za maiti ambazo hadi leo sijui zilipigwa nchi gani. Baadaye polisi wakasema wale ni wahalifu, hapakuwa na ushahidi wa ugaidi. Lakini usiku ule sisi watoto tulikuwa tumeshazikwa kimawazo.

Jumatatu shuleni hakuna mwalimu aliyegusa jambo lile. Tulifundishwa sehemu. Sina chuki, pengine nao walikuwa wanaogopa, pengine waliona wanatulinda. Lakini kimya cha mkubwa si kitu kitupu. Mtoto anakisikia, na anakijaza mwenyewe. Mapumziko yalipofika tulikijaza vizuri sana, kila mtu na lake, na mwisho wa mabishano yote ilikuwa methali ileile: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wadau, sijui methali nyingine iliyofanya uvumi uonekane na hekima namna ile.

Aliyetuokoa ni bibi. Jioni muuza mkaa wa Kiomoni, kijiji cha jirani na mapango, alipita na baiskeli yake kama kawaida. Bibi akanituma: "Nenda kamsalimu, muulize kaona nini. Usimuulize kasikia nini." Nikaenda. Yule baba akanambia, mwanangu, nimesikia milio, nimeona magari ya askari, sijaona maiti hata moja, na mimi nimelala kwangu jana. Nikarudi na habari nne tu. Chache, lakini zote zilikuwa na mwenyewe. Usiku ule nililala.

Miaka mitano baadaye nilikuwa mkubwa kidogo, na nikayaona yaleyale kwa sura nyingine. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na mwishoni mwa Aprili idadi ya wagonjwa ikaacha kutangazwa. Watoto wa mtaani kwetu wakawa wanahesabu magari ya mazishi. Ukimnyima mtoto hesabu atajitengenezea yake, na yake siku zote ni kubwa kuliko ya kweli au ndogo kuliko ya kweli.

Sasa mnaona ninakokwenda. Mtoto wa Kiongozi, mtoto wa Mambo Leo, mtoto wa mstarini, wote walizijua habari mbaya, tena mapema. Simu haikuleta habari kwa watoto, zilikuwepo. Simu imeondoa ngazi ya baraza. Macho bado anayo kijana, tena makali kuliko yetu, na mizani bado anayo mzee, ila hawakai tena mahali pamoja. Kijana anasoma chini ya shuka, mzee anatazama tamthilia sebuleni. Gazeti lilikuwa linafika mara moja kwa mwezi na linamalizika. Hii ya leo haina ukurasa wa mwisho.

Ninaye mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha pili huko Makorora. Mwezi uliopita saa saba usiku akanitumia klipu ya ajali ya basi, mbaya, sitaielezea. Chini yake maneno matatu: "Kaka, hii kweli?" Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema kalala, anadhani na mimi nimelala. Nilibaki kuitazama simu muda mrefu. Mtoto yuko nyumbani kwao, ukuta mmoja na mama yake, na mtu wa kumuuliza anamtafuta Dar es Salaam.

Nikamuuliza yale ya barazani. Nani kaituma? Hajui, imetoka kwenye grupu la mpira. Yeye alikuwepo? Hajui. Lini? Tukatafuta pamoja, tukakuta ajali yenyewe ni ya miaka kadhaa nyuma, nchi jirani. Akaandika "aah", halafu baada ya dakika nzima, "lakini wale watu walikufa kweli." Nikamwambia ndiyo, walikufa kweli. Hapo sikuwa na ujanja wa historia. Tukakaa nalo wote wawili mpaka akaniambia kasinzia.

Siku ya pili nikampigia bibi. Tukakubaliana kijana awe anakwenda kwake jioni baada ya magharibi amsomee habari kwenye simu, kisingizio macho ya bibi hayaoni vizuri. Nimeambiwa wanabishana mpaka isha. Bibi analalamika kijana anasoma mbio kama anafukuzwa, kijana analalamika bibi kila sentensi anauliza nani kasema. Nimefurahi kweli kusikia malalamiko hayo.

Wengi wetu hapa kampasi tuna wadogo zetu mikoani, na kwao sisi ndo wasomi wa ukoo. Wakitutumia mambo usiku tunajibu kwa vikatuni vya kucheka au "achana nayo, soma". Hiyo "achana nayo" ni kimya kilekile cha Jumatatu darasani kwetu, kimevaa suti tu. Mdogo wako hakuombi umfiche dunia, kachelewa sana kwa hilo. Anaomba mtu wa kukaa naye kwenye ngazi.

Kwa leo naishia hapa, testi ya Ijumaa inanisubiri. Ukinikuta kantini nambie kwenu habari zilikuwa zinasomwa na nani. Watu wa Pemba na Mombasa nawasubiri zaidi.